Mwenye kuweka uzito ndiye mwenye kuchagua



Kuko neno linalorudi kila mara mu mikutano ya wakubwa wa kompani: kuboresha mwendo wa kazi. Wakonsulta wanakuja na ordinatere zao, wanazunguka shantie siku chache, wanauliza, wanaandika. Kisha wanaonyesha tablo yenye rangi. Juu ya tablo kuko kazi zitakazotengenezwa kwanza. Chini kuko zile zitakazongoja mwaka kesho, ao mwaka mwingine. Wadelege wetu wanaitwa mu chumba ya mukutano, wanapewa Fanta baridi, wanaonyeshwa karatasi ya kusaini. Na kama delege mumoja anauliza juu ya nini basi ya posti ya usiku iko chini kabisa, anajibiwa: "Papa, si siye tulichagua. Ni hesabu ndiyo ilichagua."

Sisi wa sendika tunasema wazi: hesabu haichagui kitu. Hesabu inafuata uzito uliowekwa mbele ya kuanza kuhesabu, na uzito huo unawekwa na watu. Ndugu zetu wachimbaji wa mukono wanajua jambo hili kuliko injenieri: ku depo ya kuuzia, mwenye mizani ndiye mwenye bei. Kwa hiyo hatutaki wadelege wakatae hesabu. Tunataka waijue, na wakae ku meza mbele uzito haujawekwa.

Tuanze na maana ya neno lenyewe. Mwendo wa kazi si mashine moja wala mutu mumoja. Ni hatua zote toka mwanzo mupaka mwisho. Tuangalie mushahara: mufanyakazi anapita ku pwentaje, kapita anasaini masaa, karatasi inaenda ku biro, biro inahesabu, benki inapokea, kisha makuta yanafika mu mukono wa mama mwenye kununua unga na kulipa masomo ya watoto. Kama hatua moja inakwama, wote wanateseka, hata kama zile zingine ziko muzuri. Ni vile vile kwa mutu aliyeumia: toka chini ya shimo, radio inaita, ambilansi inakuja, dispanseri inapokea, hospitali inatunza, karatasi ya ajali inaandikwa na kutumwa ku CNSS, jamaa inajulishwa. Ukinunua ambilansi mupya lakini radio haisikiki mu shimo, haujatengeneza mwendo wa kazi. Umenunua motokari.

Kompani haiwezi kutengeneza yote siku moja. Hiyo ni kweli, na sisi hatubishi. Ndiyo maana watu wenye elimu walitafuta njia za kuchagua kwa mpango. Njia inayotumiwa sana ni hii: unaandika kazi zinazotaka kutengenezwa, unaandika vipimo vya kuzipima, unatoa alama kwa kila kazi ku kila kipimo, unaweka uzito wa kila kipimo, unazidisha, unajumlisha. Kazi yenye jumla kubwa inapita mbele.

Tufanye hesabu pamoja. Ni mufano tu, lakini chukueni kalamu. Tuseme kuko kazi tatu za kutengeneza: matengenezo ya kamio kubwa za kubeba mawe, basi za kupeleka watu posti ya usiku, na mwendo wa kutoa mutu aliyeumia mu shimo. Vipimo viko vitatu: franka zitakazopatikana, upesi wa kumaliza, na uhai wa watu. Alama zinaanza 1, zinaishia 5.

Kamio zinapata 5 ku franka, 3 ku upesi, 2 ku uhai. Basi zinapata 2 ku franka, 4 ku upesi, 4 ku uhai. Kutoa mwenye kuumia kunapata 1 ku franka, 4 ku upesi, 5 ku uhai. Alama hizi hatuzigusi tena.

Sasa mukonsulta anaweka uzito wake: franka 60, upesi 30, uhai 10. Jumla ni 100. Kamio zinapata 300 na 90 na 20, ni 410. Basi zinapata 120 na 120 na 40, ni 280. Mwenye kuumia anapata 60 na 120 na 50, ni 230. Kamio ni za kwanza, mwenye kuumia ni wa mwisho.

Delege anaomba uzito mwingine: franka 30, upesi 20, uhai 50. Jumla ni 100 vile vile. Kamio zinapata 150 na 60 na 100, ni 310. Basi zinapata 60 na 80 na 200, ni 340. Mwenye kuumia anapata 30 na 80 na 250, ni 360. Tablo yote imepinduka. Aliyekuwa wa mwisho ni wa kwanza, na hakuna alama hata moja iliyogeuzwa. Hakuna mutu aliyedanganya mu hesabu. Uzito tu ndio ulibadilika.

Basi mukubwa akisema "hesabu ndiyo ilichagua", delege amuulize: "Uzito wa kila kipimo ni ngapi? Nani aliuweka? Siku gani? Sisi tulikuwa wapi?" Kama uzito hauonyeshwi, tablo haina maana hata kama rangi zake ni nzuri. Na kama uzito uliwekwa nyuma ya kuona alama, huo ni mchezo: mutu alikwisha kuchagua, akatafuta uzito wa kumupa haki.

Hatusemi kamio hazina maana. Mawe yasipotoka, mushahara nao hautoki. Wazee wetu wa Kolwezi na Likasi waliona hayo kwa macho. Mu 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476 000 za shaba. Septemba 1990, sehemu kubwa ya shimo la chini la Kamoto iliporomoka. Mu 1994 kompani nzima haikufika hata tani 50 000. Sababu zilikuwa mingi: siasa ya wakati ule, franka zilizotoka bila kurudi mu kazi, mashine zilizokosa vipande vya kubadilisha. Lakini somo moja liko wazi. Kazi ya matengenezo haileti faida leo, inalinda kesho. Mu tablo isiyo na kipimo cha kesho, matengenezo yanashindwa kila mwaka, mupaka siku hakuna tena cha kutengeneza. Kwa hiyo tunataka kipimo hicho kiandikwe: kazi hii, tukiiacha miaka mitano, itatufikisha wapi?

Kuko njia ya pili ambayo mafundi na wakubwa wa usalama wanaijua sana. Inaitwa AMDEC. Ilitoka kwa waaskari wa Marekani, mu 1949, kisha ikaingia mu viwanda vya ndege na vya motokari, leo iko hata mu mashimo. Wanachukua kila kitu kinachoweza kuharibika, wanakipa namba tatu toka 1 mupaka 10: ubaya wake kama kikitokea, mara ngapi kinatokea, na ugumu wa kukiona mbele ya wakati. Kisha wanazidisha.

Njia hiyo ni nzuri, lakini iko na mutego mbili. Wa kwanza: tuchukue breki za kamio ku muteremko wa shimo. Ubaya ni 10, juu ya mutu anakufa. Mara ngapi? Si mingi, tuseme 2. Ugumu wa kuona, 2. Jumla ni 40. Sasa tuchukue karatasi za depo ya vifaa zinazochelewa. Ubaya 3, mara ngapi 8, ugumu 3. Jumla ni 72. Kwa hesabu hiyo karatasi inapita breki! Wenye kutumia AMDEC wenyewe wanajua mutego huo. Mu 2019, kitabu cha pamoja cha viwanda vya motokari vya Marekani na Udachi kiliacha kufuata jumla ya kuzidisha peke yake. Kinaangalia ubaya kwanza. Delege akikutana na tablo ya AMDEC, asome ubaya peke yake mbele ya yote. Penye 9 ao 10, kazi hiyo haingoji zamu.

Mutego wa pili uko mu midomo yetu sisi wote. Namba ya "mara ngapi" inatoka mu kaye ya ajali. Na kaye hiyo inaandikwa nini, kama mufanyakazi anaogopa kupoteza prime juu ya kutangaza kidole kilichovunjika? Kama kapita anamwambia: "Enda kwako, pumuzika siku mbili, tutakuwekea pwentaje"? Ajali isiyoandikwa inapata 1 mu tablo. Kisha mashine ile ile inakata mukono wa mwingine. Na wandugu wa sous-traitance je? Wao wanateremka mu shimo moja na sisi, wanapumua vumbi moja, lakini wakiumia ajali yao inaandikwa mu kaye ya kompani ingine, ao haiandikwi kabisa. Tablo ya shimo ihesabu kila mutu anayeingia mu shimo, hata kama kofia yake iko na jina ingine.

Tunakuja sasa ku jambo kubwa kuliko yote. Kuko vitu ambavyo haviingii ku mizani. Mu hesabu ya kujumlisha, alama 5 ya franka inaweza kulipa alama 1 ya uhai, sawa vile deni linalipwa na makuta. Mufaransa mumoja, Bernard Roy, aliyeanza mu miaka ya 1960 kujenga njia zinazoitwa ELECTRE, aliona shida hiyo. Mu njia zake kuko nafasi ya veto: kama kitu kiko kibaya kupita kiasi ku kipimo kimoja, uzuri wake ku vipimo vingine hauwezi kukifunika. Mu Kiswahili cha kwetu tunasema: mutu hauzwi kwa kilo.

Kwa hiyo mbele ya kupima, tutenge yale ambayo sheria ilikwisha kuyaamuru. Sheria ya kazi ya 2002, iliyogeuzwa mu sehemu mu 2016, inamupa mwenye kompani deni la kuchunga afya na usalama wa wafanyakazi. Bote, kaske, maski ya vumbi, kutangaza ajali, kulipa mushahara kamili ku siku yake: hayo si "kazi za kuboresha" zinazoomba alama. Ni deni. Deni halishindani na kamio ku tablo. Tukikubali liingie ku mashindano, tumekwisha kulipoteza hata kama lilikuja la kwanza, juu ya mwaka ujao litashindanishwa tena.

Mutu atauliza: nyinyi wa sendika mutaweka uzito namna gani, na watu wako elfu na zaidi, kila mumoja na mawazo yake? Kuko njia. Thomas Saaty, mwalimu wa hesabu wa Marekani, mu miaka ya 1970 alionyesha namna ya kulinganisha vitu mbili mbili, juu ya akili ya mutu inachoka ikipewa kumi pamoja, lakini mbili inaweza. Njia yake kamili iko na hesabu nzito. Kuko namna nyepesi inayofanyika hata chini ya muti wa embe, na kalamu moja na kaye moja.

Chagueni vipimo vinne: uhai na afya, kazi za watu zisipotee, franka za kompani, upesi. Vinne vinafanya mafungu sita ya mbili mbili. Kila mutu anaulizwa mara sita: kati ya hivi mbili, kipi ni kizito kuliko kingine? Mukiwa watu kumi, munapata majibu 60. Tuseme uhai umechaguliwa mara 27, kazi zisipotee mara 15, franka mara 12, upesi mara 6. Gawanyeni kwa 60: uhai 45 kwa mia, kazi 25, franka 20, upesi 10. Huo ndio uzito wenu. Haukutoka mu kichwa ya delege mumoja wala mu ordinatere ya mugeni. Fanyeni hivyo kwa posti zote tatu, ya asubuhi, ya mangaribi na ya usiku, na kwa wa sous-traitance pia. Kama mutu amesema uhai unapita franka, franka zinapita upesi, kisha upesi unapita uhai, mumurudilie kwa upole: kuko mahali hakusikia muzuri swali.

Mumeona tuliandika kipimo cha kazi za watu. Tuliandika kwa kusudi. "Kuboresha" ni neno zuri, lakini mara mingi dakika kumi zilizopunguzwa ku kazi moja zinageuka, nyuma ya miezi sita, kuwa watu kumi waliopunguzwa. Wazee wetu wanakumbuka 2003 na 2004, wakati zaidi ya watu 10 000 wa Gécamines walitoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa mapenzi. Wengi walitumia ile malipo mu muda mufupi, na watoto wakaacha masomo. Basi kila kazi inayopendekezwa iandikwe wazi: itagusa watu wangapi, wataenda wapi, nani atawafundisha kazi mupya.

Na alama zitoke wapi? Hapa wamama wako na neno. Nani anajua basi ya usiku inafika saa ngapi kweli kweli, kama si mama anayelala na jicho moja wazi? Nani anajua mushahara ulichelewa siku ngapi, kama si yeye anayebeba deni ku duka? Biro itasema basi inachelewa "wakati mwingine". "Wakati mwingine" haina namba. Kaye ya wiki mbili iko na namba: siku, saa ya kuondoka, saa ya kufika, watu waliosimama. Kila jamaa tano zichague mutu mumoja wa kuandika. Delege akiingia mu mukutano na kaye hiyo, hatapiga kelele. Atasoma.

Tunasema pia neno juu ya kaye ya madai. Madai 30 bila mpango yanamupa mukubwa nafasi ya kuchagua mwenyewe. Atachagua lile la bei ndogo: tisheti za mwezi wa tano, mufuko wa unga ku Noeli. Kisha atasema ameitika. Madai yaliyopimwa, yenye la kwanza, la pili na la tatu, yanamufunga. Ni vile vile kwa wandugu wa vijiji na makao karibu na mashimo. Sheria ya mine iliyogeuzwa mu 2018 inaagiza kompani kutoa angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji. Shule, maji, barabara ao dispanseri: kuko kuchagua hapo pia, na mwenye kuweka uzito hapo pia ndiye mwenye kuchagua.

Kwa hiyo tunaomba wadelege wa kila kompani wasimamie mambo haya matano, na wasisaini kitu mbele hayajatimizwa.

Kwanza, yale ya sheria yatolewe ku tablo na yafanywe bila mashindano.

Pili, vipimo na uzito viandikwe na kubandikwa ku mulango wa shantie, mu Kifaransa na mu Kiswahili, mbele ya alama kutolewa.

Tatu, wadelege na komite ya usalama wakae mu kutoa alama, na kila alama iwe na namba iliyopimwa nyuma yake.

Nne, hesabu ifanywe mara mbili, na uzito wa kompani na uzito wa wafanyakazi. Kazi inayokuja mbele ku zote mbili ianze kesho yake bila mabishano. Zile zinazotofautiana ndizo za kujadili, na mukutano utakuwa mufupi zaidi.

Tano, nyuma ya miezi sita tablo ifunguliwe tena, tuone kilichofanywa na kilichobaki mu karatasi.

Kompani zenye kutaka kazi nzuri hazitapoteza kitu hapo. Mufanyakazi aliyeona uzito ukiwekwa atachunga mwendo mupya wa kazi kama chake. Yule aliyeletewa tablo iliyokwisha atasema ile tunayosikia kila siku ku basi: "Bile bakubwa banataka, ndiyo bitafanyika." Sisi hatutaki neno hilo liendelee kuwa kweli. Wadelege, mukutano ujao muulize swali moja tu mbele ya kufungua ile Fanta: uzito ni ngapi, na nani aliuweka?